Oili Isiyo Yake

Kwa miaka thelathini na mbili Mabruki alikuwa akitengeneza magari mjini Tabora, na kwa muda wote huo gia boksi za otomatiki alizijazia oili kutoka dumu moja. Mteja akiuliza ni oili gani, alijibiwa, "Ya gia boksi," na habari ikaishia hapo.

Jumatatu moja Julieth, nesi wa zahanati huko Isikizya, alifika gereji amepakiwa kwenye bodaboda, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Limebaki njiani. Nikikanyaga mafuta injini inanguruma, lakini gari halijongei, kama vile injini na matairi hayafahamiani."

Walilivuta hadi gereji. Wiki mbili nyuma Mabruki ndiye aliyelibadilishia oili ya gia boksi.

"Limezeeka tu," Julieth alisema. "La mwaka tisini na tisa hili. Nilijua siku itafika."

Kisha akasogea kando, akapiga simu zahanati. "Sayi, anza na wajawazito. Mimi leo sifiki."

Mabruki alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa na ilinuka kuungua. Alikifuta kwa kitambaa, na kidole chake kikapita juu ya herufi zilizochongwa kwenye chuma. Akavaa miwani, akasoma aina ya oili inayotakiwa: T-IV. Dumu lake liliandikwa Dexron III. Mafundi vijana walikuwa wakimwambia kwamba oili hizi hazifanani, naye akiwacheka, kwani zote si nyekundu?

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mwenye gari alikuwa ameshatoa hukumu mwenyewe, na uzee haumshtaki mtu. Mabruki alisimama na kijiti mkononi mpaka Julieth alipomaliza simu.

"Nesi, tatizo la gari hili si uzee. Ni mimi. Niliweka oili isiyo yake."

Julieth alimtazama. "Ulijua?"

"Sikujua. Ila imeandikwa hapa, na sikusoma."

"Mzee, na mimi nikichukua chupa ya dawa kabatini bila kusoma, nikamchoma mgonjwa?"

Mabruki alikirudisha kijiti mahali pake. Akasema tu, "Oili mpya ni juu yangu, na kazi pia."

Alasiri alikwenda duka la spea la Awadhi. Awadhi akamtolea kopo.

"Chukua hili, linakubali magari yote."

Mabruki aliligeuza, akasoma mgongoni mstari kwa mstari. "Mbona T-IV haimo?"

"Lo! Umeanza lini kusoma, wewe?"

"Leo."

Awadhi aliacha kucheka, akapiga simu Mwanza. Oili ilikuja kwa basi baada ya siku mbili.

Mabruki alifungua sampo, bakuli la oili lililo chini ya gia boksi. Sumaku ya chini ilikuwa imevaa tope jeusi la vyuma vilivyosagika. Akaisafisha, akabadilisha chujio, akajaza. Akaliendesha gari polepole kuelekea Itetemia na kurudi, akamwaga oili yote iliyokubali kutoka, akajaza tena, kwa sababu karibu nusu hubaki imejificha ndani. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu ilitoka nyekundu safi.

Ijumaa Julieth alikuja kulijaribu. Gari liliondoka vizuri, ila kuingia gia ya tatu lilisita, kama mtu anayekumbuka jambo.

"Hapo pameharibika," Mabruki alisema. "Likipata moto litatulia, lakini asubuhi litakusumbua. Vibamba vya ndani vimeungua kidogo."

"Litadumu?"

"Mwaka. Pengine miwili. Siwezi kukuapia."

Julieth aliitikia kwa kichwa. Aliomba kopo moja tupu la oili ile, akaliweka kiti cha nyuma, akaaga kwa adabu na kuondoka.

Miezi ilipita, hakurudi. Siku moja dukani Awadhi alimwambia Mabruki kwamba nesi yule sasa anapeleka gari kwa fundi mwingine, na kila akienda hubeba lile kopo na kumwonyesha kabla boneti haijafunguliwa.

"Umempoteza mteja kwa mdomo wako," Awadhi alisema. "Ungenyamaza, angejua nani?"

Mabruki alifikiri kidogo. Ilimuuma, hakulificha hilo.

"Gari linatembea?" aliuliza.

"Linatembea. Juzi nimepishana nalo."

"Basi," alisema Mabruki, akaomba apewe chujio alilokuwa amelifuata.