Nyumba Isiyojua Kuchuchumaa

Mama Vifungo alikuwa akipiga pasi kola ya shati la mteja wakati mthamini wa kodi ya majengo alipobisha hodi, na nyumba, kama kawaida yake ikisikia mgeni, ikasimama wima. Sakafu ikapanda, pasi ikateleza hadi ukingoni mwa meza, mama wa watu akaidaka. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili tu, lakini marehemu mumewe, aliyekuwa mwashi, aliijenga kwa adabu zake mwenyewe: mgeni hapokelewi umekaa. Mthamini akaitazama kutoka chini hadi juu, akaandika kasri.

Ng'ambo ya barabara, nyumba ya Diwani ilikuwa na ghorofa tatu na ujanja wa kuzitosha zote. Ikimwona tu mthamini anakata kona, ilichuchumaa. Madirisha ya juu yalijificha nyuma ya ukuta, na mke wa Diwani alimletea mgeni chai akitambaa. Kila mwaka iliandikwa banda. Basi kodi ya Diwani ilikuwa ya kununulia njugu, na ya Mama Vifungo imemfika shingoni. Safari hii asipopunguziwa, cherehani itauzwa, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Mdahalo wa uchaguzi ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa shule, ubavuni mwa nyumba ya Diwani. Nyumba ilikuwa imechuchumaa tangu asubuhi, kwa kuwa mthamini alikaa mstari wa mbele. Mama Vifungo akapewa kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mimi nina vyumba viwili, wewe una ghorofa tatu. Mbona kodi yangu inaishinda yako?"

Diwani akajibu kwa upole kwamba mthamini huandika anachokiona, na mwenye nyumba nzuri amshukuru Mungu. Watu wakapiga makofi. Hapo magoti ya nyumba yakachoka. Ikanyanyuka ghorofa moja moja, vyombo vikivunjika ndani, hadi kivuli chake kikaufunika uwanja mzima. Wengi walishukuru, maana jua lilikuwa kali.

Mama Vifungo akamgeukia mthamini.

"Leo Jumamosi," mthamini akasema. "Sifanyi kazi Jumamosi. Nitapita tena kwako Jumatatu."

Mpinzani wa Diwani, muuza rangi, akaapa kulivalia njuga suala hilo. Kisha akamvuta Diwani pembeni, akamuuliza ni nani aliyeifundisha ile nyumba.

Jumapili nzima Mama Vifungo aliibembeleza ya kwake ichuchumae. Aliikumbusha miaka yote aliyoifagia, akaitajia marehemu, mwishowe akaitukana. Nyumba ikajitia hamnazo. Jumatatu shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mnene asiye na haraka, akapanda juu ya paa na mfuko wa saruji mapajani, akakaa. Nyumba ikaguna, ikashuka kidogo. Mama Vifungo akaanza kuwa na matumaini, jambo alilokuwa hajalionja siku nyingi.

"Hodi," mthamini akasema mlangoni.

Nyumba ikasimama wima, na shemeji juu yake. Mthamini akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua kichwa, akamwona mtu kakaa huko juu ametulia.

"Naona mmeongeza ghorofa," akasema, akaandika.

Mama Vifungo alitamani kulia, ila mgeni ni mgeni, akamkaribisha chai. Diwani naye alishinda uchaguzi, na muuza rangi akawa wa pili. Nyumba ya muuza rangi nayo sasa inachuchumaa vizuri tu.

Siku ya kuuza cherehani, shemeji alishika upande mmoja na Mama Vifungo upande wa pili. Walipofika mlangoni, nyumba ikapiga magoti taratibu, bila kuguna, hadi kizingiti kikalingana na barabara, wasipate taabu ya kushuka.

"Leo ndiyo umejua," Mama Vifungo akaiambia. Akaipigapiga fremu ya mlango, wakatoka.