Vibanio Viwili vya Neti

Nyumba nzima, wapangaji wakiwemo, walimwita Dada. Baba yake peke yake ndiye aliyemwita Mkulima, tangu alipokuwa na miaka sita akapanda mbegu za tango kwenye kopo la maziwa na kulilinda dhidi ya kuku kama askari wa benki. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, fundi wa kushona nguo za kike, mwenye cherehani kwenye baraza ya uani na matuta ya matango nyuma ya nyumba, na jina lile bado lilimpendeza kuliko pete yoyote. Wanaume wawili walishamvisha pete, na pete zote mbili zilirudi zilikotoka. Jina lilibaki.

Halafu kaka yake akaoa nesi.

Wifi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Dada zaidi. Angekuwa na mdomo, au mvivu, mtu angejua pa kuanzia. Lakini nesi huyu aliamka mapema, alisalimia kwa heshima, alifagia hadi sehemu zisizomhusu, na mwaka wake wa pili pale nyumbani akajenga kitalunyumba ng'ambo ya kijia, hatua ishirini tu kutoka kwenye matuta ya Dada. Lilikuwa banda refu la mabomba na nailoni nyeupe, lenye milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na madirisha marefu ya neti pembeni. Ndani akapanda matango chotara, mbegu za kuhesabika, zilizokuja kwenye pakiti isiyozidi pakiti ya sindano za cherehani.

Mlangoni aliweka beseni la dawa ya kuua wadudu, kila anayeingia akanyage kwanza.

"Wifi, hayo ni matango au wagonjwa?" Dada aliuliza siku ya kwanza alipoliona.

"Ni wagonjwa ambao bado hawajaugua," nesi akajibu akitabasamu. "Karibu uwaone, wifi. Kanyaga hapo kwanza."

Dada hakukanyaga. Alisema ana gauni la mtu la kumalizia. Aliyekanyaga ni Baba.

Baba alikuwa mtunza bustani wa shule kwa miaka thelathini na minne. Alistaafu akiwa na magoti mabovu na mikono mizima. Kila asubuhi, akishakunywa chai, alikuwa akija na kigoda chake kukaa kando ya matuta ya Dada, aking'oa magugu anayoyafikia na kumkosoa binti yake kwa yale asiyoyafikia. Alimkosoa jinsi anavyomwagilia, anavyoweka mbolea, anavyoshika jembe. Dada alinung'unika kila mara, na kila mara alijisikia mtu aliyeshiba.

Mwezi mmoja baada ya kitalu kusimama, kigoda kilihama.

Mwanzoni Baba alisema anapita tu kuangalia. Kisha akawa anarudi na habari, macho yanang'aa. "Yanapanda juu kwa kamba, Mkulima. Huinami hata kidogo. Unaondoa machipukizi ya pembeni, unaacha shina moja, unalizungusha kwenye kamba. Kwa magoti haya yangu, utadhani waliniuliza kwanza." Siku nyingine akaja na tango lenyewe, refu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, limenyooka, ngozi laini. Walilikata mezani. Halikuwa na mbegu hata moja. Dada alilitafuna polepole, akiomba kimoyomoyo liwe chungu. Lilikuwa tamu.

"Lina maji mengi," alisema.

Tusidanganyane, ilimuuma. Kutoka kwenye cherehani yake aliona vivuli viwili nyuma ya ile nailoni, kimoja kirefu kilichopinda kidogo, kingine kifupi, mikono juu, bega kwa bega. Aliwasikia wakicheka. Siku moja alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akaufumua, akaushona tena palepale. Alijiambia kwamba mzee amepata pa kupitisha muda, afadhali. Alijikaza kisabuni, lakini roho haikukubali. Mtoto wa watu, aliyekuja juzi na sanduku moja na stovu, amemchukulia baba yake mchana kweupe, tena kwa adabu.

Wifi alimpa Baba kazi maalumu. Saa nne, jua likianza kukaza, alikuwa akikunja nailoni ya madirisha ili hewa ipite, na saa kumi anaishusha. Neti iliyobaki ilibanwa kwenye fremu kwa vibanio vya nguo, kumi na viwili kila dirisha, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa vibanio. Aliifanya kazi hiyo kama mtu aliyeajiriwa upya.

"Neti yote hiyo ya nini?" Dada aliuliza. "Anaogopa matango yataumwa na mbu?"

"Nyuki," Baba alisema. "Haya hayataki nyuki kabisa. Maua yake yote ni ya kike, yanazaa bila chavua. Sasa nyuki akitoka kwenye maua ya kwako hapa, akaingia kule na chavua mguuni, tango linajaa mbegu, linavimba mkia kama chupa. Hakuna atakayelitaka."

"Kwa hiyo matango yangu ni ugonjwa."

"Nimesema nyuki, mwanangu."

Lakini Dada alikwisha kusikia alichokisikia.

Jumanne moja alikuja mpishi mkuu wa chuo cha jirani, mtu mnene mwenye sauti ndogo, kuangalia kama matango ya kitaluni yanafaa kwa jiko lake. Baba alimtembeza. Walipopita kwenye kijia, Dada alikuwa ameinama kwenye tuta, jasho likimtiririka, udongo hadi kwenye viwiko. Baba akamwonyesha mgeni wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni pa kitalu. "Huyu ndiye mkulima wetu," alisema kwa majivuno. Kisha akageuka upande wa pili. "Na huyu ni binti yangu. Fundi wa nguo."

Mpishi akafurahi sana, akauliza kama fundi anaweza kumtengenezea aproni sita.

Dada alisema anaweza. Alichukua na vipimo.

Kesho yake, saa saba mchana, wifi alikuwa zamu hospitalini, kaka yuko kazini, na Baba amelala kama ilivyokuwa desturi yake baada ya chakula. Dada aliinuka kwenye cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alivuka kijia. Alizunguka nyuma ya kitalu, kwenye dirisha linalotazamana na matuta yake, akachuchumaa, akafungua vibanio viwili vya chini kabisa, pale pembeni. Neti ikalegea, ikaacha uwazi wa kupitisha mkono. Vibanio akaviacha vikining'inia kwenye neti. Viwili tu, alijiambia, kana kwamba vingekuwa vitatu ndipo ingekuwa dhambi.

Aliporudi barazani, uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano kwa muda mrefu.

Saa kumi Baba alikuja, akashusha nailoni, akaondoka. Hakuinama. Kwa nini ainame, na vibanio alivibana mwenyewe Jumatatu, kimoja kimoja, na mtu wa magoti yale hainami bila sababu? Neti ilibaki wazi hivyohivyo, siku baada ya siku.

Hazikupita wiki mbili, mpishi akarudisha kreti nzima. Hakugomba. Alikata tango moja katikati mbele yao, akaonyesha mbegu zilizojipanga ndani, akaweka kisu chini. Na kwenye kamba, kuanzia mlangoni hadi mwisho wa banda, matango yaliyokuwa yamenyooka yalikuwa yamejikunja, mikia imevimba, mengine yameanza kuwa ya njano yangali machanga. Wifi alitembea kutoka shina hadi shina, akifuata ukuta wa neti kwa vidole, mpaka akafika pembeni kule nyuma.

Dada naye aliingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Hakuna aliyemkumbusha beseni, akapita tu. Alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi: mimi, nije nifanye nini huku? Hakuna aliyemuuliza.

"Baba," wifi alisema kwa ile sauti yake ya wodini, "hivi vya chini ulivigusa siku za karibuni?"

Baba alishika bomba, akashuka taratibu hadi goti likagusa ardhi. Akavitazama vile vibanio viwili. Alivishika, akavifungua, akavifunga, kimoja kisha kingine.

"Nitakuwa nimesahau," alisema.

"Labda ni paka," wifi akasema.

"Paka hafungui kibanio, mama." Alibaki amepiga goti. "Nimesahau. Na sikumbuki hata nilivyosahau."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kaka mkubwa wa Baba alianza hivyohivyo: bomba la maji, kisha geti, kisha njia ya kurudi nyumbani. Alimaliza akiwakaribisha watoto wake wa kuwazaa kama wageni na kuwauliza wametoka wapi. Baba ndiye aliyemuuguza hadi siku ya mwisho, na alikuwa akisema kwamba anaogopa kitu kimoja tu duniani.

Alitoa ufunguo wa kitalu mfukoni, akautundika kwenye msumari wa mlangoni. Wifi alimsihi huku machozi yakimtoka, akisema matango hupandwa upya, baba hapandwi. Mzee akatikisa kichwa. "Wewe ni nesi. Unajua inavyoanza."

Asubuhi iliyofuata kigoda kilirudi kando ya matuta ya Dada.

Basi alikipata alichokitaka, chote, na bila kugawana na mtu. Baba alikaa pale tangu chai hadi mchana, mikono mapajani. Hakung'oa kitu. "Hili nalo ni gugu?" aliuliza, mtu wa miaka thelathini na minne kwenye bustani, akaonyesha gugu ambalo mtoto yeyote angelitambua. Katika mfuko wa shati aliweka karatasi, na kila alipofanya jambo aliandika: chai nimekunywa, dawa nimemeza, bomba nimefunga. Dada alimwagilia maji kupita kiasi kwa makusudi, tuta likawa tope, akangoja akosolewe. Baba alitazama lile tope.

"Wewe ndiye unayejua, Mkulima," alisema.

Kila jioni wifi alivuka kijia kumwomba arudi. Alikuwa amepanda miche mipya, alisema inahitaji mkono wake. Baba alimshukuru na kukataa. Kila jioni Dada aliahidi nafsi yake kwamba kesho atasema, na kesho ilipofika alikuwa na gauni la mtu la kumalizia. Aproni sita za mpishi alizishona zote wiki ile.

Siku ya tisa, Baba alikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni.

"Mkulima," alisema, "nikifika pale alipofika kaka yangu, nikakuita kwa jina la mtu mwingine, usinisahihishe mbele za watu. Subiri tubaki wawili. Nitaona aibu."

Dada aliweka jembe chini.

"Baba, vile vibanio nilivifungua mimi."

Mzee alimgeukia. "Vipi?"

"Vya neti. Siku ile baada ya mpishi kuja. Ulikuwa umelala."

"Viwili vya chini."

"Viwili vya chini."

"Kwa hiyo mimi nilivibana."

"Ulivibana vyote, Baba."

Uso wa Baba ukafunguka. Dada hakuwa ameuona ukiwa hivyo tangu mama yake akiwa hai. Alicheka, akajipiga paja, akachomoa ile karatasi na kuichana vipande vidogo, vikamwangukia miguuni. "Nilijua nilivibana," alisema. "Nilianzia juu, nikashuka, nikahesabu kumi na viwili. Nilijua." Alikuwa akimwambia Dada habari hiyo njema kama alivyozoea kumwambia habari njema zote, yeye kwanza. Kisha akamtazama aliyekuwa akimwambia. Kicheko kilimwisha kidogokidogo, na uso ukajifunga tena, safari hii bila woga wowote ndani yake.

Dada alitaka kusema kwa nini. Alikuwa na sababu, tena nyingi, na kwa wiki kadhaa zote zilikuwa zimemtosha.

Baba aliinuka mwenyewe, bila kuomba mkono. Aliokota kigoda chake akavuka nacho kijia, hatua ishirini, magoti yakimlalamikia. Siku hiyo wifi hakuwa zamu, kivuli chake kilionekana ndani, mikono juu, akifunga kamba. Mlangoni Baba alikiweka kigoda chini. Alikanyaga ndani ya beseni, mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Akauchukua ufunguo kwenye msumari, akautia mfukoni, ndipo akageuka.

"Njoo umwambie mwenyewe, Dada," alisema. "Kanyaga hapo kwanza."