Amina ya Somo la Nne

Saa nne asubuhi, mchungaji alifungua kwa maombi kikao cha wazazi huko Naro Moru. Kagendo, mwandishi wa masomo mapya ya afya na mahusiano, alifumba macho kama wengine. Mkaguzi wa wizara alikuwa ameshasema: somo litakalokataliwa na wazazi leo litaondolewa.

"Baba, asante kwa kutuondolea somo la nne, linalofundisha watoto kuwakosea wakubwa heshima," mchungaji aliomba.

"Amina!" ukumbi uliitikia, na Kagendo pia, kwa mazoea.

Somo hilo lilifundisha mtoto kumkatalia mtu mzima anayemshikashika, hata akiwa mjomba. Kagendo aliinua mkono kulitetea.

"Madam, ati unapinga maombi?" mkaguzi aliuliza. "Na Amina nimekusikia ukisema."

Ukumbi ulicheka. Kagendo alishusha mkono. Mkaguzi alilifuta somo la nne.