Lilia Si Nchi

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha tu. Lilia, mjane mwenye kiwanja kizuri kinachotazama bandari, anaposwa na wanaume wawili. Haro anamfahamu tangu utotoni, na kila Krismasi humletea gunia la mitumba na mawaidha yasiyokwisha. Tomu ni mgeni, hana maneno mengi, ila akija asubuhi na mabati, jioni nyumba ina paa jipya na jenereta linanguruma uani. Lilia hula keki ya huyu, hunywa chai ya yule, na kila Alhamisi jioni sisi wa Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, tuliacha shughuli zetu tukakaa karibu na redio kumsikiliza akiwazungusha.

Aliyeuandika ni Nesta Fafale wa Redio Pwani, na sauti ya Lilia ilikuwa yake. Kisa hakukitoa mbali. Alikuwa akiishi mtaa wa Vura na dada yake mkubwa, Rosina, aliyefiwa na mume, na Rosina alikuwa na wachumba wawili kwelikweli: Kwaoga, karani mstaafu wa bandarini, na Benari, dereva wa lori la mbao mwenye kikohozi kisichomwacha. Rosina alikuwa akisikiliza mchezo huku anakuna muhogo wa kuoka, anacheka mpaka muhogo unamponyoka.

"Wee Nesta, ipo siku utaniumbua!" alikuwa akisema. "Na hicho kikohozi umekiigiza vipi? Utadhani Benari yumo humo ndani!"

"Si mimi, ni Jimson. Mwambie Jimson."

Jimson Taloikwai ndiye aliyemwigiza Tomu. Kijana mwembamba, sauti nzito, mcheshi, anayependwa na kila mtu sokoni.

Mambo yaliharibika kwa simu moja. Baada ya mchezo wasikilizaji hupiga kutoa maoni, na Alhamisi hiyo alipiga mwanamume mmoja wa mtaa wa Kukum, mdomo wake umejaa popoo ya kutafuna.

"Jamani, tusidanganyane," alisema. "Huyu Tomu wa jenereta tunamjua. Si ndiye aliyetujengea uwanja wa michezo? Ni Mchina huyo! Na Haro na mitumba yake, na kushauri kwake kila saa, si Mwaustralia? Halafu Haro ana kaka yake mkubwa, wa Marekani, aliyefunga nyumba yake hapa mjini akatusahau miaka mingi. Kusikia Lilia ana mchumba mpya, huyoo, amerudi anapaka rangi! Hongera dada Nesta. Umewapata!"

Mji mzima uliangua kicheko. Nesta, ndani ya studio, alicheka pia. Alidhani mzaha utakwisha kesho yake.

Haukwisha. Wiki iliyofuata Lilia alikataa kikombe cha chai cha Tomu kwa sababu kilikuwa cha moto, na asubuhi watu kwenye basi walishikana mashati. Mmoja anasema serikali imekataa mkopo, mwingine anasema hapana, chai ni mkataba wa polisi. Mbunge mmoja akamtaja Lilia katika hotuba. Vijana wakaanza kuvaa fulana, nyingine zimeandikwa Haro, nyingine Tomu, na hakuna aliyejua nani anazichapisha.

Mkurugenzi wa redio, Selwyn Tova, alikuwa akitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Nesta, mama, unajua umefanya nini? Miaka yote nimeomba kipaza sauti kipya, hakuna aliyenisikia. Sasa balozi mbili zinataka kuja kunywa chai!"

Wakaja kweli, siku tofauti. Wa kwanza alikuwa kijana mpole mwenye shati jeupe, akaleta meza mpya ya kuchanganyia sauti, inang'aa kama meno. Hakuomba kitu. Alipokuwa akiaga tu, mlangoni, akamgeukia Nesta.

"Mchezo wako tunaupenda sana," alisema. "Nauliza tu. Tomu anakohoa mno. Kuna ulazima?"

"Ndivyo alivyo," Nesta alijibu.

"Bila shaka. Wewe ndiye msanii." Akatabasamu, akaenda zake.

Wa pili alikuwa mama mchangamfu mwenye miwani, kutoka ubalozi mwingine. Yeye alileta nafasi ya masomo: Nesta aende ng'ambo majira yote ya baridi akajifunze kuandika michezo ya redio. Naye hakuomba kitu. "Nilikuwa nawaza tu," alisema, "isingekuwa vizuri Lilia akisoma maandishi madogo kabla ya kupokea mabati ya watu? Wasikilizaji wangejifunza."

"Mabati hayana maandishi madogo, mama," Nesta alimwambia. "Ni mabati."

Yule mama alicheka kwa moyo wote. Hilo ndilo lililomtia Nesta wasiwasi zaidi: wote wawili walikuwa watu wazuri.

Tangu hapo hakupata utulivu. Aliandika mstari, akasimama, akazunguka meza, akaufuta. Lilia ale wali? Mchele wa nani? Alale na mlango wazi? Watasema bandari. Alimpa Lilia shati jekundu, akambadilishia likawa la bluu, akaona bluu ni mbaya zaidi, akaishia kumwacha bila rangi. Sentensi iliyokuwa ikimtoka kwa pumzi moja sasa ilimla asubuhi nzima, na bado akiisoma alihisi kuna mtu anachungulia begani. Mwisho, kwa kuchoka, akakiondoa kikohozi cha Tomu. Akajiambia si neno, ni kikohozi tu.

Jimson alikuja studio siku hiyo bila mzaha wake. Shavu limevimba.

"Nani kakupiga?" Nesta akauliza.

"Sijui. Nilienda kununua popoo sokoni kama kawaida. Mwenye meza akasema hawauzii vibaraka. Nikamwambia, anti, mimi mpwa wa Taloikwai wa Auki, unanijua tangu nanyonya! Nikageuka, nikala ngumi." Akajaribu kucheka, shavu likamkataza. "Mimi sijawahi hata kupanda ndege, Nesta. Nimekuwa kibaraka kwa kukohoa. Na sasa hata kukohoa mmenikataza."

Jioni Nesta alipita mtaa wa maduka ya Wachina kununua mafuta ya kupikia. Bi Kwan, mwenye duka, alizaliwa hapohapo, na baba yake alizaliwa hapohapo. Kipijini chake, lugha yetu ya mitaani, kilikuwa cha mjini kuliko cha wengi wetu. Mwaka ule wa ghasia, watu walipochoma maduka ya Wachina, duka lake liliungua mpaka msingi, akalijenga upya. Alimpimia Nesta mafuta, halafu akaegemea meza.

"Mwanangu, nikuulize. Huyu Tomu wako mtamfukuza?"

"Sijaamua, anti."

"Ukiamua, nipigie simu mapema. Si lazima uniambie kwa nini. Sema tu, anti, Alhamisi funga mapema."

Nesta alitaka kumwambia ni mchezo tu, lakini alipotazama nyuma ya Bi Kwan aliona ndoo za maji zimepangwa chini ya rafu, zimejaa. Akalipa, akatoka.

Nyumbani alimkuta Rosina amekaa ukumbini, redio imezimwa.

"Kwaoga amekuja kuaga," Rosina alisema. "Anasema hawezi tena. Bandarini wanamwita Haro, wanamwuliza Australia inamlipa kiasi gani kunichumbia. Mzee wa watu na fimbo yake! Amelia hapo, hapo ulipokanyaga."

"Dada, mimi sikusema..."

"Najua hukusema. Na Benari yuko kliniki. Wamempima makohozi, ni kifua kikuu. Leo nimekaa naye kwenye foleni, mtu akamtambua, akapiga kelele, 'Tomu anakufa! Mchina anaondoka!' Watu wakacheka, Nesta. Tena kliniki! Nimesikia mmemtoa Tomu kikohozi. Hicho cha Benari atakitoa nani?"

Nesta akavuta kigoda, akakaa.

"Ulipotutia redioni nilifurahi," Rosina aliendelea. "Nilisema, afadhali kuna mtu ameona kwamba na mimi natongozwa, katika umri huu. Nilikuwa mwanamke kwenye mchezo ule. Sasa umenifanya nchi. Sitaki kuwa nchi. Nchi haiulizwi inampenda nani, inaulizwa iko upande wa nani."

"Na wewe unampenda nani?"

Rosina alimtazama kama vile swali hilo limechelewa sana barabarani. "Benari. Tangu mwanzo. Kwaoga nilimwonea huruma. Nitaolewa na Benari, akimaliza dawa au hajamaliza."

Nesta alisimama, akakaa, akasimama tena. Huo ndio mwisho aliokuwa akiutafuta, tena wa kweli, na hauandikiki. Lilia akimchagua Tomu, kesho kijana wa shati jeupe ataleta mnara mzima wa matangazo, na Bi Kwan atajaza ndoo nyingine. Akimchagua Haro, atakuwa amemsaliti dada yake kwa mara ya pili. Akiwakataa wote, mbunge atasema taifa limejitegemea, na fulana za tatu zitachapishwa.

Asubuhi alimwendea Selwyn. "Mchezo umekwisha," alimwambia.

"Umeandika mwisho? Wa nani?"

"Hauna mwisho. Nimeacha."

Selwyn alishika kichwa. "Nesta, usinifanyie hivi. Ile meza ya sauti hatujailipia hata fadhila! Masomo yako je? Mpe Haro wiki moja, mpe Tomu wiki moja, tuende hivyohivyo mpaka uchaguzi!"

"Wagawane hao wa balozi. Waandike wenyewe, wanajua kuliko mimi."

"Watu wataniuliza nini kimempata Lilia."

"Waambie ana shughuli nyumbani."

Alhamisi, saa ya mchezo, redio ilipiga nyimbo za filimbi za mianzi. Lilia alikuwa amekatika katikati, chai mkononi. Mji ulikasirika. Ijumaa wengine walisema Wamarekani wameufunga, wengine wakaapa ni Wachina, na yule mwanamume wa Kukum alipiga simu kueleza kwamba ukimya wenyewe ni ujumbe. Selwyn alikaa siku nyingi bila kumsemesha Nesta. Masomo ya ng'ambo alipewa mtu mwingine. Meza ya sauti ilibaki, na ni nzuri, hilo hatuwezi kulikana.

Rosina na Benari walifunga ndoa baada ya Pasaka, Benari amekonda lakini anaweza kusimama ibada nzima. Ndugu za Benari walileta mahari ya mikufu ya kome wekundu, nguruwe wawili wakachinjwa, na Jimson akaimba hadi sauti ikakauka. Bi Kwan alifunga duka, safari hii kwa sherehe, akaja na sufuria la tambi ambalo watoto walilimaliza kabla ya sala. Hata Kwaoga alikuja, akakaa nyuma, akala vizuri.

Wakiwa wanatoka kanisani, kijana mmoja ng'ambo ya barabara alipaza sauti: "Tomu ameshinda!"

Rosina alisimama na shela yake. Tulidhani atatukana. Akamwita yule kijana kwa mkono, na kijana, kwa haya, akavuka.

"Unaitwa nani, baba?"

"Alwin."

"Alwin, huyu ni Benari, anaendesha lori la mbao. Mimi ni Rosina. Umekula?"

Kijana alitikisa kichwa. Wakampa sahani, akala amesimama.

Nesta anaandika mchezo mwingine siku hizi, kuhusu timu ya netiboli ya wauguzi. Nilimkuta juzi mezani kwake, karatasi zimefutwafutwa hata zimetoboka. Kulikuwa na baba wa mchezaji mmoja, mwanzoni fundi paa. Nesta alikuwa amemfanya mvuvi, akakumbuka meli za kigeni za uvuvi, akamfanya mwalimu, akakumbuka nani analipia shule. Alikuwa akigonga kalamu mezani, mguu unacheza chini, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Mfanye tu fundi paa," nilimwambia.

"Mabati ya nani?" akauliza, na hakuwa anatania.

Kisha akaandika fundi paa, haraka, kabla hajabadili nia, akageuza ukurasa.