Watoto Waliomsubiri Sista Falesi

Dereva wa wilaya alifika na mwaliko wa semina wakati Sista Falesi anakunywa uji wake wa mahindi na karanga mlangoni mwa zahanati ya Kamphinda. Semina ilikuwa Salima, hoteli ya ufukweni mwa ziwa, na mada ilikuwa kuokoa maisha ya watoto wachanga. Gari lingempitia adhuhuri.

"Si ndiyo ile ile ya mwaka jana?" Falesi akauliza.

"Ile ile, Sista. Ila safari hii kuna begi."

Falesi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Pale Kamphinda mkunga alikuwa yeye peke yake, hana hata wa kumshikia zamu. Mwaka jana, yeye yuko Salima anapiga makofi ya kuchangamsha kikao, Dorica wa pale kijijini alishikwa na uchungu, mtoto akatanguliza miguu, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Mtoto hakuishi. Tangu siku ile watoto wa Kamphinda hawatoki mkunga akiwa hayupo. Hujikalia zao tumboni mpaka arudi. Wenyeji walishazoea. Waliipanua tu ile nyumba ya kusubiria, wanamolala wajawazito na ndugu zao wa kuwapikia, wakapanda na maboga kando yake.

Sasa Dorica alikuwa na mimba nyingine, nayo ilishapita mwezi wa kumi na moja, maana mwaka ule semina zilifuatana kama siafu. Mama yake, bibi ambaye wote walimwita Gogo Nachisale, alikuwa nje anasonga sima.

"Nenda, mwanangu, ukale chambo, samaki wa ziwani," akamrushia Falesi. "Sisi huyu tutamwoza humo humo tumboni."

Wanawake wakaangua kicheko. Falesi aliona aibu, na aibu yenyewe ikamchoma. Lakini asipokwenda, wilayani wangesema Kamphinda hawana ushirikiano, na ombi lake la mkunga wa pili lingezikwa huko huko. Akienda, angewaomba wakubwa kwa mdomo wake mwenyewe. Alichukua pembe ya mbao ya kusikilizia mapigo ya moyo, akaiweka juu ya tumbo la Dorica, akainamisha sikio. Moyo ulidunda vizuri.

"Sista," mtoto akasema kutoka ndani, "hiyo semina ina maana yoyote?"

"Mwaka jana haikuwa nayo."

"Wakubwa watakuwepo?"

"Watafungua, watapiga picha, wataondoka."

"Basi uwawahi kabla ya picha. Mimi nitangoja."

Dorica akaisukuma pembe kando. "Usimsikilize huyo, mkaidi kama baba yake. Mgongo wangu umekwisha, Sista. Nataka nimshike mwanangu." Akaanza kulia. Falesi alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwahidi atarudi mapema, akaenda kulisubiri gari.

Kule Salima alisimama kabla ya picha. Akasema Kamphinda ina mkunga mmoja, na kila anapoitwa semina haina hata huyo mmoja. Ukumbi mzima ukampigia makofi ya pamoja, yale ya kumalizia kwa kukanyaga sakafu. Mkubwa mmoja akasema hoja hiyo ni nzito mno na inastahili semina yake yenyewe. Kisha wakapiga picha, wakala chambo.

Siku aliyorudi, Dorica alijifungua kabla sima ya mchana haijaiva. Mtoto alitoka na meno, nywele zimemfika mabegani. Mizani ya zahanati haikumweza, wakamkadiria kwa macho. Dorica alimkumbatia, akamlilia shingoni, furaha imemzidi, kisha akamnyonyesha kwa tahadhari. Aliposhiba, mtoto alijifunga kitenge cha bibi yake akamgeukia Falesi.

"Wamekupa mwenzio?"

"Hapana."

"Na begi?"

"Begi nimepata."

Mtoto akaguna. Aliomba pembe, akaenda kitanda cha pili alipolala Enelesi, ambaye naye alishapitisha siku zake, akaiweka tumboni na kusemea ndani.

"Wewe humo, bado yuko peke yake. Kama unatoka, toka leo. Jumatatu ana semina."

Kisha akasogea kwa mama wa tatu. Gogo Nachisale akainjika maji mengine, na Falesi akaenda kunawa mikono.