Kiuno Kilekile

Vumbi la shule ya wasichana ya Loresho halijui adabu. Linapanda kutoka uwanja wa nyuma ya bwalo, jekundu, jepesi, linaingia ukumbini bila kubisha hodi, na pale ambapo jua la asubuhi limepenya dirishani linasimama hewani na kuanza kucheza. Linazunguka, linainama, linapanda tena. Hakuna aliyewahi kuliita ofisini.

Mwihaki wa kidato cha tatu alilitazama, na roho ikamchemka. Vumbi linacheza ukumbini, yeye hachezi. Vumbi lina ruhusa, yeye hana.

Na mkosaji alikuwa nani? Kiuno. Kiuno, enyi wasomaji waheshimiwa, kile kiungo kinyonge kinachoshikilia sketi ya sare isianguke. Kilishtakiwa, kikahukumiwa, kikafungiwa nje, na hakuna aliyekiuliza kama kina la kusema.

Muhula uliopita shule ilikuwa na chama cha ngoma, na chama kilikuwa na Nadira. Nadira binti Taib, ambaye baba yake anauza na kushona nguo Biashara Street, katikati ya jiji. Nadira wa ukoo wa Mombasa na utoto wa Nairobi, aliyetembea kama watu wote na kucheza kama yeye peke yake. Yeye na Mwihaki walitunga ngoma moja. Kisigino chini. Goti lilegee. Kiuno kigeuke ghafla, kama cha mtu aliyesikia jina lake likiitwa nyuma. Halafu mkono ufuate, umechelewa kidogo, una haraka ya kufika. Kisigino, goti, kiuno, mkono. Waliirudia hadi soksi zikatoboka.

Madam Wangui, naibu wa mwalimu mkuu, mama wa Kitisuru mwenye gari lisilowahi kushikwa na tope, aliirekodi kwa simu. Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wamepanga foleni nje ya ofisi yake, alimwekea Mzee Taib ile simu mbele ya macho na kupandisha sauti.

"Mzee, hiki kiuno amefunzwa kwenu nyumbani, ama amekiokota wapi?"

Foleni ikacheka. Si wote waliocheka, lakini walitosha. Mzee Taib alivua kofia, akaivaa tena, akaenda kusimama getini kungoja sanduku la binti yake. Nadira hakurudi. Sasa anasoma shule ya kutwa huko Parklands, na Mwihaki alipompigia alijibiwa na sauti ya mtu aliyeikalia mikono yake mwenyewe.

"Mimi sichezi tena, Mwihaki. Usiniulize."

Tangu siku hiyo Mwihaki alitaka kitu kimoja. Hakutaka alama, hakutaka beji ya uongozi, hakutaka hata nyama ya Jumapili. Alitaka Madam Wangui ayameze maneno yale, mbele ya Mzee Taib yuleyule, na Nadira akiona.

Ewe kiuno, ulikosa nini? Umebeba watoto, umebeba maji, umebeba nchi nzima mgongoni mwa akina mama, na hakuna aliyekupigia kelele. Ukageuka mara moja, kwa furaha yako mwenyewe, ukawa mhalifu.

Chama cha ngoma kilifutwa. Ukumbi wenye sakafu ya mbao ukapewa karate. "Karate," Madam Wangui aliutangazia mkutano wa asubuhi, "itawafunza nidhamu." Mwihaki alijiandikisha siku hiyohiyo, kwa nia safi kabisa ya kutafuta kitu cha kupiga teke.

Mwalimu Kitavi alitoka klabu moja ya Parklands, mtu mfupi mwenye sauti kama kengele ya kuamsha bweni. Aliwapanga mistari, miguu mitupu, akawaambia warushe ngumi. Mwihaki akarusha yake, na ndani yake mlikuwa na muhula mzima. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Huo mkono umeenda bila kutumwa," alisema. "Nguvu haikai mkononi. Inakaa kiunoni. Tazameni. Kisigino chini. Goti lilegee. Geuza kiuno ghafla. Halafu mkono ufuate."

Mwihaki alisimama tuli.

"Manze," Anita, mwenzao wa chama cha ngoma, alinong'ona kando yake, "huyu mwalimu amefunzwa na Nadira."

Wakacheka, na kwa kosa hilo wakalazwa kifudifudi kusukuma sakafu kwa mikono. Hapo chini, pua karibu na mbao, kicheko cha Mwihaki kiliisha kama maji yanayokatwa mferejini, na kilichobaki kilikuwa hasira kavu. Kiuno kilekile. Kiuno kilekile, mifupa ileile, sakafu ileile. Kikivaa leso ya ngoma, ni aibu. Kikivaa suti nyeupe, ni nidhamu.

Kila Jumamosi alijifunza karate, na kila Jumamosi alijikuta amefika nyumbani. Anayecheza huvua viatu, anayepigana huvua viatu. Anayecheza husoma bega la mwenzake kabla mguu haujanyanyuka. Anayepigana husoma bega hilohilo. Wote wawili huingia mahali mwili wa mwingine ulipokuwa punde tu, na kutoka kabla haujarudi. Wote wawili huhesabu kwa pumzi. Wote hufunzwa kuanguka bila kuvunjika. Mmoja akikosea, mpenzi humkanyaga kidole. Mwingine akikosea, adui humpasua mdomo. Zaidi ya hapo, tofauti iko wapi? Semeni, nyinyi mnaokaa kwenye viti vyenye mito. Semeni, iko wapi.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu Kitavi alitaka kata. Kata, aliwaeleza, ni pigano na mtu asiyeonekana: hatua zilizopangwa, kila hatua na maana yake, wote wakienda kama mwili mmoja.

"Mwalimu, tunaweza kutunga yetu?" Mwihaki aliuliza, na uso wake ulikuwa mtakatifu kama wa mtu anayepokea sakramenti.

Hawakutunga chochote. Waliichukua ngoma ya Nadira nzimanzima. Wakaiondolea muziki. Wakakunja ngumi, wakafunga nyuso, wakaitia ukelele mmoja mwishoni. Mwalimu Kitavi aliitazama hadi mwisho, mikono nyuma.

"Nani alianzisha hii?"

"Msichana mmoja. Hayuko shuleni tena."

"Anajua kupigana?"

"Hapana, Mwalimu. Anajua kucheza."

Kitavi alijikuna shingo. "Basi anajua," alisema, na akawaambia waanze upya.

"Wakitambua, tunarudishwa nyumbani sisi sote," Anita alisema walipokuwa wakioga. "Umelijua hilo?"

"Nimelijua."

"Na mamangu ananiua."

"Utakufa ukiwa na nidhamu," Mwihaki alimjibu.

Suti zilihitajika, na Mwihaki ndiye aliyempa Mwalimu Kitavi jina la duka la Mzee Taib. Akaenda naye kuzichukua, Biashara Street, kati ya majora ya vitambaa yaliyosimama wima kama watu wanaongoja kuitwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule rafiki wa Nadira?"

"Ndiye mimi."

Mzee alimkunjulia mkono wa suti, mweupe, mzito. "Nimeweka kitambaa kigumu. Ngumi ikiwa ya kweli, utakisikia kinalia. Ikiwa ya mchezo kitanyamaza."

"Basi njoo ukisikie. Njoo na Nadira."

Mzee Taib alianza kukunja suti, pembe kwa pembe. "Pale shuleni kwenu nilichekwa, mwanangu. Nikashiba."

"Mimi sijashiba, Mzee. Mimi bado nina njaa."

Mzee alimtazama huyu mtoto wa watu, amesimama dukani kwake kama mdai. Kisha akakohoa kuficha tabasamu. "Una mdomo, wewe," alisema. "Haya. Nitakuja kuangalia kazi yangu. Nguo tu."

Akaja. Akakaa mstari wa pili, kofia imenyooka, na kando yake Nadira na mtandio mweusi, mikono chini ya mapaja. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, alikaa Madam Wangui, kipaza sauti mapajani.

Wasichana wakaingia, weupe, kimya. Wakainama. Kisigino, goti, kiuno, mkono, na vitambaa vya Mzee Taib vikalia kwa pamoja, paa, kama mlango mmoja mkubwa uliofungwa na upepo. Kisigino, goti, kiuno, mkono, paa. Hasira ya Mwihaki haikuhitaji kuigizwa. Kila ngumi ilikwenda na anwani yake. Moja kwa foleni. Moja kwa simu. Moja kwa kila aliyecheka, na moja kwa aliyenyamaza akatazama viatu vyake. Walipopiga ukelele wa mwisho, dirisha lilitetemeka.

Madam Wangui alikuwa wa kwanza kusimama. Alipiga makofi, akageukia wazazi, akainua kipaza sauti.

"Mmeona? Mmeona mwili unavyomtii mwenyewe? Hakuna aliyejitingisha ovyo. Hii, wazazi wangu, ndiyo nidhamu niliyowaahidi."

Mwihaki aliinama tena, chini zaidi. "Madam, tuwaonyeshe mara nyingine? Polepole, wazazi waone vizuri."

"Waonyesheni," Madam Wangui alisema kwa fahari. "Waonyesheni kabisa."

Wakaonyesha. Hawakubadili hatua hata moja. Walifungua ngumi tu, vidole vikawa vidole. Wakafungua nyuso. Mahali palipokuwa na ukelele wakaacha pumzi itoke yenyewe. Kisigino chini. Goti likalegea. Kiuno kikageuka, mbele ya wazazi na walimu, bila kuomba msamaha.

Mstari wa pili, mkono mmoja ulitoka chini ya paja. Kisha wa pili. Nadira akapiga kofi moja, dogo, mahali palepale ngoma ilipokuwa ikilihitaji. Akapiga jingine. Mama mmoja nyuma yake akalidaka, halafu baba mmoja, na miguu ikajibu kutoka sakafuni.

Madam Wangui alikunja uso. Alikuwa ameitambua ngoma, au ngoma ilikuwa imemtambua yeye.

"Zimeni huo muziki," alisema.

Mtu wa mitambo alitazama nyaya zake, akainua mikono mitupu. Hakukuwa na muziki. Kulikuwa na viganja na visigino.

Mzee Taib akasimama, ngoma ikiendelea. Safari hii hakugusa kofia.

"Madam, nina swali la mzazi," alisema, polepole, na foleni yote ya siku ile ilikuwa humo ukumbini kumsikia. "Hii umeisifu sasa hivi. Ile ulinionyesha kwenye simu. Nionyeshe kwa kidole, hapo mbele yako, mahali ambapo moja inaisha na nyingine inaanza. Nikipaona, nitakuomba radhi mimi."

Madam Wangui alinyoosha kidole. Kwa kweli alijaribu. Kidole kilielekea kwa Mwihaki, kikakuta goti limeshapita. Kikamfuata Anita, kikakuta kiuno kimeshageuka. Kikaenda mkononi, na mkono ulikuwa umeshafika. Kikabaki hewani. Mdomo wake ulifunguka, na koo lake likapanda na kushuka kama la mtu anayemeza kidonge bila maji.

Nadira alikuwa ameinama anavua viatu.

Alipita mbele ya kiti chenye mto bila kukitazama, mtandio mmoja mweusi katikati ya suti nyeupe, na nafasi yake ilikuwa wazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuijaza. Hakutabasamu. Mwihaki pia hakutabasamu. Hasira ilikuwa bado haijaisha, na hakukuwa na haraka ya kuimaliza. Wakapiga kisigino pamoja.

Vumbi likatoka kwenye nyufa za mbao, chini ya visigino vyao. Halikungoja dirisha, halikungoja jua. Likapanda jekundu mbele ya walimu na wazazi, likazunguka, likafika kwenye kile kidole kilichokuwa bado kinatafuta, na kidole kikashuka.