Waliopo na Walio Wetu

Hebu niambie, ukiulizwa nyumbani kwenu mko wangapi, unawahesabu waliopo au walio wenu?

Mama fundi alipoulizwa alijibu bila kupepesa macho kwamba wako sita. Alikuwa barazani, mguu kwenye pedali ya cherehani, anaunga kola ya sare ya shule. Karani wa takwimu, kijana mwembamba aliyejaa vumbi mpaka kope, akachungulia ndani, akatazama uani, akawaona wawili tu: mama mwenyewe, na kitindamimba wake aliyekuwa anapiga pasi.

Mwezi uliopita karani huyo alipita nyumba kwa nyumba kukusanya habari za kijiji: wazee wangapi, vijana wangapi, nani analima, nani ana kazi ya mshahara. Wakubwa wake wakamrudisha ahesabu upya. Kwa majibu aliyopeleka, kijiji kile kidogo kilifurika vijana kama utitiri, tena wenye kazi za maana. Lakini shule ilikuwa imeunganisha madarasa kwa kukosa watoto, mashine ya kusaga ilinguruma siku za soko tu, na mwenye duka alikuwa anauza mkate nusu nusu. Kumbe kila nyumba ilikuwa imewataja waliohama. Kwa watu wale, mtu hajahama mpaka sahani yake iondolewe kabatini, na mama gani ataondoa sahani ya mwanawe?

Karani akaeleza taratibu kwamba anayehesabiwa ni anayeishi hapa, si anayepakumbuka. Mama fundi akamuuliza kama yeye alizaliwa au aliokotwa. Mama yake akiulizwa, atasema hana mtoto? Karani akacheka, akakiri kwamba mama yake naye alimtaja, na karani wa huko kwao alirudishwa vilevile.

Binti akacheka pia, ila kicheko hakikufika mbali. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo mjini, karibu na kwa dada yake muuguzi, na safari ameiahirisha mara mbili. Basi la kwenda mjini lilikuwa la Ijumaa. Mama alimwambia aende, bahati haigongi mlango kila siku. Binti aliona mama anajikaza tu. Na kweli mama alikuwa na neno limemkaa kooni, ila silo alilodhani mwanawe.

Basi wakaanza upya. Wa kwanza, dereva wa malori, ameota mizizi ukweni: akafutwa. Muuguzi, akafutwa. Mapacha wanaouza simu, ambao hata kwenye kufutwa walikwenda pamoja. Kila alipotajwa mmoja, mama alimwona amesimama mlangoni na begi lake, anasema maneno yale yale: mama, tutunzie nyumba. Naye ameitunza. Amepaka chokaa kuta, ameziba paa, amefua mashuka ya vitanda visivyolaliwa. Majirani wakamsifu kuwa ndiye nguzo. Lakini nguzo nani huiuliza kama imechoka?

Karani akamgeukia binti. "Na wewe dada, miezi sita ijayo utakuwa hapa?"

Binti akaisimamisha pasi wima. Alimtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa.

"Niandike nipo," alisema. "Nikiondoka mimi, mama atabaki na nani?"

Karani akainua kidole aandike kwenye kishikwambi chake. Hata yeye, mgeni, aliona jambo limekwisha, na mama kapata alichokitaka.

"Ngoja kwanza, mwanangu, usiandike," mama fundi akasema. Akauondoa mguu kwenye pedali.

Binti akaanza kumwambia asijali, kazi zipo nyingi, mwaka kesho nao ni mwaka. Mama akamnyamazisha kwa mkono, kama alivyomnyamazisha utotoni. Alijua kwamba akinyamaza leo, mtoto atabaki kwa ajili yake, naye atabaki kwa ajili ya mtoto, na wote wawili watakuwa wanalinda vitanda vya watu.

"Unabaki kunionea huruma," alisema. "Mimi nimekuomba ubaki?"

"Hujaomba, mama. Lakini nakujua. Nyumba hii huiachi."

"Wote mnanijua." Akauvuta uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno, akaifunua kola iliyokwisha na kuiweka pembeni. "Kila mmoja wenu ameondoka akanikabidhi nyumba. Hakuna aliyesema karibu mama, na mimi nikaona haya kujialika kwa wanangu."

Karani akajifanya anafuta vumbi kwenye kiatu.

"Kichwa cha cherehani kinafunguka, kinabebeka," mama akasema. "Sitaki ubaki, mwanangu, na mimi sitaki kubaki. Ijumaa nataka twende wote."